Kopo la dawa za Shangazi: jinsi ya kuzisoma dawa za presha na moyo kwa mkia wa jina

Shangazi yangu huhifadhi dawa zake kwenye kopo la maziwa ya unga, lile kubwa lenye kifuniko cha plastiki. Nilipokwenda kumsalimia Tanga nilimkuta barazani, miguu ameipandisha juu ya kigoda, vifundo vimevimba hata ndala hazimwingii. "Mwanangu, figo zangu zimekwisha," akaniambia, shikamoo yangu hata hajaiitikia. Mimi ni mfamasia, na nimezoea kuanza na dawa kabla ya kuanza na figo. Nikaomba kopo.

Mlikuwa na aina saba. Kwenye boksi jeupe, chini ya jina kubwa la kiwanda, kwa maandishi madogo: amlodipine 10 mg. Hiyo ilikuwa ya kliniki yake ya kila mwezi. Kwenye boksi la bluu, lenye jina jingine kabisa la kiwanda, kwa herufi ambazo mtu wa umri wake hazioni bila miwani: amlodipine 10 mg. Hiyo alipewa hospitali nyingine siku alipokwenda kwa kuumwa kichwa. Alikuwa akimeza zote mbili kila asubuhi, bila kukosa hata siku moja, wakati kiwango cha juu cha dawa hiyo kwa mtu mzima ni 10 mg kwa siku. Halafu kulikuwa na bahasha ndogo ya kaki imeandikwa "1x1", ndani yake furosemide, aliyopewa mahali pa tatu ili kuondoa uvimbe wa miguu. Uvimbe wenyewe uliletwa na amlodipine iliyozidi.

Katika wale watatu waliomwandikia dawa hakuna aliyekuwa mzembe. Kila mmoja aliona alichoonyeshwa, na kopo lenyewe lilibaki Tanga kabatini. Kwa hiyo hapa nitakuonyesha namna ya kulimwaga kopo la mzazi wako, au la kwako, ujue kila kidonge kimetumwa kufanya nini. Jambo moja nalisema mwanzoni ili nisilirudie kila aya: usiache, usipunguze wala usiongeze dawa kwa sababu umesoma hapa. Unasoma ili uende kwa daktari au mfamasia na karatasi yenye maswali ya maana.

Hatua ya 1: Mwaga kila kitu mezani

Nikisema kila kitu, sikusudii za presha peke yake. Weka na diclofenac ya mgongo, dawa ya mafua, vitamini, chupa ya mitishamba, hata dawa ya matone ya macho. Nitaeleza mbele kwa nini matone ya macho.

Chukua karatasi, andika kwa kila dawa: jina, miligramu, inamezwa mara ngapi, ilitoka wapi na lini. Jina ninalolitaka ni lile dogo la chini, jina la dawa yenyewe. Jina kubwa la rangi ni la kiwanda, na dawa moja inaweza kuwa na majina ya kiwanda kumi. Majina ya dawa nitayaandika kama yalivyo kwenye boksi, kwa sababu ndivyo utakavyoyakuta.

Mambo mawili huwachanganya watu hapa. La kwanza ni herufi zilizobandikwa pembeni ya jina. "H" mara nyingi maana yake kidonge kimechanganywa na hydrochlorothiazide, na "AM" mara nyingi ni amlodipine. Kwa hiyo mtu mwenye boksi la losartan lenye "H", na boksi jingine la hydrochlorothiazide peke yake, anakunywa dawa moja mara mbili na hajui. La pili ni bahasha isiyo na jina, yenye "1x2" tu. Hiyo inakwambia umeze kidonge kimoja mara mbili kwa siku, haikwambii unameza nini. Rudi ulikoipata wakuandikie jina. Ni haki yako, na mfamasia mzuri haoni taabu.

Hatua ya 2: Jua presha inatengenezwa na vitu gani

Nitapita haraka. Presha hutegemea mambo matatu: moyo unasukuma kwa kasi na nguvu gani, mishipa midogo imebana kiasi gani, na kuna ujazo gani wa damu ndani ya mishipa. Namba ya juu kwenye kipimo ni moyo unaposukuma, ya chini ni unapopumzika. Zikiwa 140 kwa 90 au zaidi, kwa vipimo vya siku tofauti, hapo ndipo daktari anaposema una presha.

Kila dawa ya presha inagusa mojawapo ya hayo matatu, na nyingine zinagusa mawili. Ndiyo maana kumpa mtu dawa mbili za aina tofauti kwa dozi ndogo mara nyingi hushusha presha vizuri kuliko kuikamua dawa moja hadi dozi ya mwisho. Mgonjwa anayelalamika "mbona nimeongezewa ya pili, kwani nimezidiwa?" nampa jibu hilo hilo.

Hatua ya 3: Soma mkia wa jina

Majina ya dawa hutolewa kwa utaratibu wa kimataifa, na dawa za ukoo mmoja huishia kwa mkia mmoja. Ukiujua mkia, umejua kazi ya dawa na karaha zake.

Mkia wa -dipine: amlodipine, nifedipine, felodipine. Ukuta wa mshipa wa damu una misuli, na misuli hiyo hujikaza kalsiamu inapoingia ndani ya seli zake kupitia milango midogo. Dawa za -dipine hufunga milango hiyo. Msuli unalegea, mshipa unapanuka, presha inashuka. Kwa watu weusi ukoo huu hufanya kazi vizuri sana. Utafiti uitwao CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019, uliwapima wagonjwa weusi wa nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya, Uganda na Msumbiji, na ukaona kwamba mchanganyiko wenye amlodipine ndani yake ulishusha presha kuliko ule usio nayo.

Karaha yake ndiyo ile ya Shangazi. Mishipa inayopeleka damu miguuni inapanuka, ile inayoirudisha moyoni haipanuki sawasawa, basi maji yanavujia kwenye nyama ya vifundo. Mwili haujalimbikiza maji, yamehama mahali tu. Ndiyo sababu furosemide haisaidii sana uvimbe huu: inakukojosha maji ambayo hayakuwa ya ziada. Dozi ikipanda, uvimbe unapanda. Tiba yake huwa ni daktari kushusha dozi, kubadili dawa, au kuongeza dawa ya -pril au -sartan, ambayo hulegeza na ile mishipa ya kurudisha damu. Wengine huumwa kichwa wiki za mwanzo, na wachache fizi huvimba. Ukiona fizi zinanenepa, mwambie daktari wa meno unakunywa nini.

Na tafadhali, ile tabia ya zamani ya kutoboa kidonge laini cha nifedipine na kumwekea mtu chini ya ulimi akipandisha presha, iacheni. Presha iliyoshushwa ghafla namna hiyo inaweza kuunyima ubongo au moyo damu, na watu wameumia.

Mkia wa -pril: captopril, enalapril, lisinopril, ramipril. Huu ndio ukoo wenye hadithi ninayoipenda. Kuna nyoka wa Brazili aitwaye jararaca ambaye sumu yake huiporomosha presha ya aliyeumwa. Miaka ya 1960 mtafiti wa Brazili, Sérgio Ferreira, alichunguza kilichomo ndani ya sumu hiyo, na njia ile ikawafikisha wanasayansi wa kampuni ya Squibb kwenye captopril, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981.

Kinachozuiwa ni hiki. Figo ikihisi damu haifiki vizuri, humwaga renini. Renini huanzisha mnyororo unaotoa kitu kiitwacho angiotensini. Ya kwanza ni mpole, lakini kuna kimeng'enya, kwa wingi kwenye mapafu, kinachoigeuza kuwa ya pili, na hiyo ni kali: inabana mishipa na kuiamuru tezi iliyo juu ya figo imwage homoni ya kushika chumvi. Dawa za -pril hukizuia kile kimeng'enya, kwa hiyo angiotensini kali haitengenezwi.

Sasa, kimeng'enya hicho hicho kina kazi ya pili, ya kuvunjavunja kitu kiitwacho bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini inalundikana na kuwasha koo. Ndipo unapoona mtu ana kikohozi kikavu cha miezi mitatu, amekwisha kupima kifua kikuu mara mbili, amemaliza chupa nne za dawa ya kikohozi, na hakuna aliyemuuliza anakunywa dawa gani ya presha. Mimi huwauliza wanaokuja kununua dawa ya kikohozi, na mara kadhaa jibu limekuwa enalapril. Kikohozi hiki hakisikii dawa. Huondoka dawa ya -pril ikibadilishwa, kwa kawaida ndani ya wiki chache.

Jambo la nadra lakini la kutisha: midomo, ulimi au uso kuvimba ghafla. Huwapata watu weusi zaidi kuliko wazungu, na linaweza kutokea hata baada ya mtu kuitumia dawa kwa miezi. Hilo si la kusubiri kesho. Ni hospitali papo hapo, na usimeze tena kidonge chochote chenye mkia wa -pril maishani.

Mkia wa -sartan: losartan, valsartan, telmisartan, candesartan. Hizi zinaiacha angiotensini kali itengenezwe, ila zinakalia viti vyake kwenye mshipa ikose pa kukaa. Kimeng'enya hakiguswi, kwa hiyo kikohozi kile hakiji. Ndiyo maana mtu aliyeshindwa -pril kwa kukohoa hupewa -sartan. Kuzimeza mbili hizo pamoja hakuna faida inayolingana na hatari yake kwa figo. Ukizikuta zote mezani, piga mstari mwekundu.

Kwa koo hizi mbili kumbuka mambo matatu. Zinalinda figo za wenye kisukari, kwa hiyo usishangae kupewa hata presha yako ikiwa si mbaya sana. Zinapandisha potasiamu, kwa hiyo daktari atataka kipimo cha figo na potasiamu wiki moja hadi mbili baada ya kuanza. Na hazifai kabisa kwa mjamzito, kwa sababu zinaharibu figo za mtoto tumboni. Mwanamke anayezitumia aseme mapema akiwa anapanga kushika mimba. Wajawazito huandikiwa methyldopa, nifedipine ya kuyeyuka polepole au labetalol.

Dawa za maji. Mikia hapa haijanyooka, ila nyingi huishia na -ide: hydrochlorothiazide, bendroflumethiazide, furosemide. Nyingine ni chlorthalidone na spironolactone. Watu huzichukia kwa sababu ya choo, na dereva wa basi aliwahi kuniambia waziwazi kwamba anazimeza siku asizosafiri tu.

Figo huchuja chumvi na kuirudisha mwilini. Dawa hizi huizuia isiirudishe yote. Chumvi ikitoka, maji yanaifuata, ujazo wa damu unapungua. Lakini kwa hydrochlorothiazide na ndugu zake, baada ya wiki kadhaa ujazo hurudi karibu na ulivyokuwa, na presha inabaki chini kwa sababu mishipa yenyewe imelegea. Kwa hiyo ukiona hukojoi kama mwanzo, dawa haijachakaa. Kwa hydrochlorothiazide, dozi ndogo, 12.5 hadi 25 mg, hutosha watu wengi. Imeze asubuhi ulale usiku. Inaweza kushusha potasiamu na sodiamu, kupandisha sukari kidogo, na kumwamshia mwenye jongo maumivu ya kidole gumba cha mguu.

Furosemide ni jamaa mwingine. Ina nguvu, huanza kazi ndani ya saa moja na humaliza baada ya saa sita hivi. Mahali pake hasa ni moyo ulioshindwa kusukuma, mapafu yaliyojaa maji, figo zilizochoka. Kwa presha ya kawaida si chaguo la kwanza. Anayefunga Ramadhani na anatumia furosemide amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu kumeza daku kisha kushinda bila maji ni kuitafuta kizunguzungu, na kwa wenye moyo dhaifu huenda kufunga kwenyewe hakufai.

Spironolactone humwaga chumvi lakini hushika potasiamu. Ukichanganya na -pril au -sartan, potasiamu inaweza kupanda hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Madaktari huzichanganya kwa makusudi kwa wagonjwa wa moyo kushindwa, na hupima damu mara kwa mara. Kama ni wewe, na hasa kama figo zako si nzima, maji ya madafu yana potasiamu nyingi na hayafai kugeuzwa dawa ya kila siku. Ile "chumvi isiyo na sodiamu" ya supamaketi pia, nyingi yake ni potasiamu. Kwa wanaume, spironolactone inaweza kuvimbisha matiti. Wengi huona aibu kusema, na kumbe kuna dawa mbadala.

Mkia wa -olol: atenolol, bisoprolol, metoprolol, propranolol. Carvedilol na labetalol ni binamu zao. Ya kwanza kuenea, propranolol, ilitoka kwa Mskoti James Black miaka ya 1960, na mwaka 1988 akapata Tuzo ya Nobel. Moyo una matundu ya kufuli ambayo adrenalini ndiyo ufunguo wake. Dawa hizi ni kama njiti ya kiberiti iliyochomekwa kwenye tundu: ufunguo unakuja, hauingii. Moyo unapiga polepole na kwa nguvu kidogo.

Sasa angalia ujanja wa mwili. Matundu yakizibwa muda mrefu, moyo huongeza mengine. Ukiacha -olol ghafla, njiti zote zimetoka na matundu yameongezeka, adrenalini inaingia kila mahali: mapigo mbio, presha juu, kifua kubana, hata mshtuko wa moyo kwa aliye hatarini. Huu ndio ukoo ambao kuishiwa wikendi si jambo dogo. Nunua kabla haijaisha, na ikibidi kuachwa daktari ataipunguza hatua kwa hatua.

Matundu kama hayo yapo pia kwenye njia za hewa, kwa hiyo mwenye pumu aitaje pumu yake kabla ya kupokea -olol yoyote. Na hapa ndipo matone ya macho yanapoingia: timolol, dawa ya presha ya macho, ina mkia ule ule. Matone hupenya hadi kwenye damu, na yamewahi kuwabana watu pumzi. Mwenye kisukari anayechoma insulini ajue kwamba dawa hizi huficha moyo kwenda mbio na kutetemeka sukari inaposhuka. Jasho mara nyingi hubaki, basi lisikilize.

Mkia wa -statin: atorvastatin, simvastatin, rosuvastatin. Hizi hazishushi presha. Ini hutengeneza lehemu (kolesteroli) yake lenyewe, na statin hukizuia kimeng'enya kinachoitengeneza. Ini likikosa lehemu huivuta iliyomo kwenye damu, basi ile inayoganda ukutani mwa mishipa inapungua. Mjapani Akira Endo ndiye aliyepata ya kwanza, kutoka kwenye ukungu, miaka ya 1970. Simvastatin humezwa usiku, wakati ini linapoitengeneza lehemu kwa wingi. Atorvastatin hukaa mwilini muda mrefu, saa yoyote ni sawa. Misuli ikiuma bila sababu na mkojo ukawa wa rangi ya kokakola, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na balungi: juisi yake huzuia utumbo kuivunja simvastatin, pia atorvastatin kiasi, na dawa inaongezeka mwilini kama uliyemeza zaidi.

Zisizo na mkia. Aspirin ya 75 mg huzizuia chembe sahani, zile zinazokimbilia penye jeraha na kugandana. Ikishaigusa chembe, chembe hiyo haipati fahamu tena hadi kufa, siku saba hadi kumi. Ndiyo maana daktari wa upasuaji hukuuliza kuhusu aspirin wiki nzima kabla. Aliyewahi kupata kiharusi cha damu kuganda au mshtuko wa moyo ana sababu ya kuimeza. Aliyeamua mwenyewe "kusafisha damu" hana, anajitafutia vidonda vya tumbo.

Warfarin inastahili ukurasa wake. Ng'ombe wa Marekani na Kanada walikuwa wakifa kwa kutokwa damu baada ya kula majani yaliyooza, na uchunguzi wa kisa hicho ukazaa kwanza sumu ya panya ya mwaka 1948, kisha dawa ya binadamu mwaka 1954. Inazuia vitamini K isisaidie kutengeneza vigandishi vya damu. Kwetu wengi wanaoitumia ni vijana waliowekewa vali ya chuma baada ya homa ya baridi yabisi kuharibu vali zao. Kipimo chake ni INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, mara nyingi inatakiwa iwe kati ya 2 na 3, na kwa baadhi ya vali juu kidogo. Mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K nyingi. Watu huambiwa waache mboga, na huo ni ushauri mbovu: kula kiasi kile kile kila wiki, dozi ipangwe juu yake. Hatari kubwa mtaani ni nyingine, metronidazole ya tumbo na co-trimoxazole. Zote mbili hupandisha INR kwa nguvu, na zote mbili hununuliwa kwa kunyoosha kidole dukani. Mwenye warfarin aseme "natumia warfarin" kabla ya kusema kinachomuuma.

Nitrati, za kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, hupanua mishipa kwa dakika. Kaa chini kabla ya kuiweka. Na ukitumia nitrati ya aina yoyote, sildenafil, dawa ya nguvu za kiume, ni marufuku: mbili hizo pamoja huangusha presha hadi kifo. Akina baba hawasemi, nami nawaelewa, lakini hata vidonge vinavyouzwa kama mitishamba ya nguvu za kiume vimewahi kukutwa na sildenafil ndani.

Digoxin, dawa ya moyo uliodhoofika au unaopiga ovyo, inatokana na ua, na daktari Mwingereza William Withering aliandika habari zake mwaka 1785. Nafasi kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni nyembamba. Kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kuona vitu njano ni dalili za kurudi hospitali.

Hatua ya 4: Tafuta pacha, kisha wagomvi

Rudi kwenye karatasi. Zungushia dawa zenye mkia mmoja. Mikia miwili inayofanana ni pacha, na pacha ni swali la kumpelekea daktari kesho asubuhi.

Wagomvi ni vigumu kidogo kuwaona, lakini mmoja yupo karibu kila kopo: diclofenac, ibuprofen na wenzao. Hushika chumvi, hupandisha presha, na hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Mtu mwenye -pril au -sartan, pamoja na dawa ya maji, kisha akameza diclofenac wiki nzima kwa ajili ya goti, ameikaba figo kwa mikono mitatu. Paracetamol ni salama zaidi kwa figo. Ukiharisha au kutapika sana huku unatumia dawa hizo mbili za kwanza, mpigie daktari siku hiyo hiyo akwambie kama uzisitishe kidogo.

Baada ya hapo tafuta dawa iliyoandikwa kutibu dawa. Kikohozi cha enalapril na dawa ya kikohozi. Vifundo vya amlodipine na furosemide. Uliza kwa kila moja: dalili hii ilianza lini, na kabla yake niliongezewa nini?

Hatua ya 5: Pima kabla ya kulalamika

Pima ukiwa umekaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Pima mara mbili kwa nafasi ya dakika moja au mbili, andika zote. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi ndio unaohesabiwa kuwa presha. Siku saba za namba, asubuhi kabla ya dawa na jioni, zinamsaidia daktari kuliko kipimo kimoja cha kliniki ulichopimwa ukitoka kugombana na kondakta.

Ikiwa 180 kwa 120 au zaidi na huna dalili yoyote, tulia, pima tena baada ya dakika chache, na ikibaki hivyo mtafute daktari siku hiyo. Ikiwa kuna kifua kubana, pumzi kukata, mdomo kwenda upande, mkono kulegea, macho kutoona au maneno kupotea, usipime tena, nenda hospitali. Usimeze dawa ya jirani.

Hatua ya 6: Nenda na karatasi, na kopo lenyewe

Mpe daktari karatasi, uliza maswali mafupi: hii ni ya nini, nani aliianzisha, bado inahitajika, nipime nini na lini. Sema na mitishamba. Sema kama umekuwa ukiruka dozi na kwa sababu gani, pesa ikiwemo. Kuna dawa za bei nafuu ndani ya kila ukoo, lakini daktari asiyejua kwamba huzimudu ataongeza nyingine akidhani zile zimeshindwa.

Shangazi tulimpeleka kliniki na kopo lake. Daktari aliondoa boksi la bluu, akaishusha amlodipine hadi 5 mg, akaongeza losartan na kusitisha furosemide, kisha akaagiza vipimo vya figo, ambavyo vilikuwa vizuri. Baada ya wiki tatu ndala zikamwingia. Orodha yake nimeigundisha upande wa ndani wa kifuniko, kwa kalamu nene. Siku hizi akipewa dawa mpya hunipigia simu, ananisomea jina herufi moja moja, nami nasubiri zile tatu nne za mwisho.